Dereva Hashiki Beleshi

Katika machimbo ya udongo mweupe kule Longonot, wanaume walijisifia ng'ombe, au wake, au vyote viwili wakishafika kikombe cha pili. Kipketer hakuwa na ng'ombe wa kutajika, na mkewe alikuwa amefariki siku nyingi, kwa hiyo yeye alijisifia lori. Lori lenyewe halikuwa lake, lilikuwa mali ya Mzungu mwenye machimbo; lakini ole wako umkumbushe jambo hilo. Alilipangusa kila asubuhi kwa kitambaa kisafi kuliko kile alichofutia uso wake. Likipanda mlima alilibembeleza, likikataa kuwaka alilinunia. Watu walisema kama lori lingekuwa linaposwa, wazee wa posa wangepiga hodi kwa Kipketer.

Alizaliwa Rongai, katika shamba la mlowezi, baba yake akiwa mwongozaji wa maksai waliovuta mahindi hadi stesheni. Utoto wake wote aliupitisha nyuma ya mikia ya maksai, akila vumbi lao. Vita vya Wataliano vilipoanza akaandikwa KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, akapelekwa Abisinia, na huko akawekwa kwenye usukani. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Waliobaki shambani walimwona akitembea pole pole, kofia imeinama upande mmoja, ufunguo wa gari unaning'inia kiunoni, wakajua hapa hakuna tena mchunga maksai. Ufunguo wenyewe haukuwa wa gari lolote. Alikuwa ameuokota Nanyuki.

Miaka ile udereva ulikuwa cheo, tena cheo chenye masharti. Sharti la kwanza la Kipketer lilikuwa hili: dereva hashiki beleshi. Wapakiaji walipokuwa wakitoka jasho, yeye alilala kivulini chini ya lori, kofia usoni. Akiombwa msaada hata wa kusukuma jiwe, alijibu bila kuifunua kofia: "Kila mtu na chombo yake. Yangu ni usukani." Aliuchukua udongo ule miaka na miaka bila kuugusa kwa mkono.

Na ulikuwa udongo wa ajabu. Ulitoka shimoni umelowa na mzito, kisha Wariara, msimamizi wa kina mama wa machimbo, aliuanika juani pamoja na wenzake, wakiugeuza geuza kama watu wanaoanika mahindi. Ukikauka ulikuwa mwepesi kama unga wa ngano. Ulipelekwa Nakuru, kwenye kiwanda kilichouchanganya na dawa ya kuua wadudu. Ukiupuliza kidogo tu ulijaa hewani, na lori la Kipketer lilipokimbia barabarani liliacha nyuma yake wingu jeupe, hata watu wa Naivasha walijua amepita kabla hawajasikia injini.

Lakini nisikudanganye. Majivuno yote hayo, kofia, ufunguo na kitambaa, hayakuwa chochote mbele ya jambo moja lililomfanya aipende kazi ile. Huko Nakuru alikuwa na binti.

Cheptanui ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na baba akiwa vitani, hivyo akalelewa na shangazi yake Jeruto, dada wa Kipketer, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na maoni makubwa zaidi. Msichana alisoma misheni akafaulu, na sasa alikuwa hospitalini Nakuru akijifunza uuguzi, katika gauni la buluu lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Kila Jumanne na Ijumaa, Kipketer akishamwaga udongo kiwandani, alipita njia ya nyuma ya hospitali, akapiga honi mara mbili. Cheptanui alitoka mbio, wakasimama kila mtu upande wake wa seng'enge. Baba alimpitishia kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachushwa, na viazi vitamu alivyochemsha Jeruto. Injini haikuzimwa, maana ikizimwa huenda isiwake, na safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Waliongea kwa kupaza sauti juu ya ngurumo: unakula? Nakula. Unalala? Kidogo. Shangazi hajambo? Hajambo, anakutukana kwa sababu huandiki barua. Kisha baba alipanda, akaondoka. Kwake yeye mazungumzo yale ya seng'enge yalikuwa Jumapili na Krismasi kwa pamoja.

Basi siku moja, mwaka hamsini na nane, mwenye machimbo akawaita watu wote mbele ya ofisi. Alikuwa Mzungu mwembamba mwenye haraka, anayemaliza kila amri kwa neno lilelile, kwa hiyo watu walimpa jina la Bwana Chapchap. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, kisichobembeleza mtu.

"Kiwanda ya Nakuru nataka udongo mingi," alisema. "Mingi sana. Sasa mimi nataka jua kitu moja. Gari ya moshi ama lori, gani tapeleka mbio, safi, bila maneno mingi? Jumanne sisi tajaribu. Moja tapeleka na reli, moja tapeleka na lori. Mimi tangoja huko Nakuru na macho yangu. Nakwisha. Chapchap!"

Watu wakatawanyika wakicheka, maana mashindano ni mashindano. Kipketer hakucheka. Moyo ulimshuka hadi kwenye viatu. Reli ikishinda, lori halitakwenda tena Nakuru. Na lori lisipokwenda, Jumanne na Ijumaa zake zimekwisha.

Jioni ile kwenye kibanda cha chai cha stesheni alimkuta Hiram. Huyu alikuwa mtu wa upande wa Kakamega, kazi yake kubadilisha njia za reli na kuwasha taa za ishara, na kwa jinsi alivyoipenda reli ungedhani aliitandaza yeye mwenyewe kutoka Mombasa. Alikuwa rafiki wa Kipketer, yaani walibishana kila siku.

"Bwana dereva, karibu," Hiram alisema. "Kunywa chai wakati bado uko na kazi."

"Kazi yangu iko salama. Ile yako ya kuwasha taa ndio hata mtoto anaweza."

"Reli ni reli, ndugu yangu. Behewa moja tu inabeba kile lori yako itabeba wiki nzima. Haina pancha. Haina matope. Haina dereva wa kununa."

"Na haina miguu," Kipketer akajibu. "Hiyo behewa yako itapanda mpaka kwa machimbo? Lazima watu wabebe udongo na mkokoteni mpaka hapa, wapakie, halafu Nakuru wapakue, wabebe tena. Udongo inashikwa-shikwa kama mtoto mgeni. Mimi napakia kwa shimo, namwaga mlangoni kwa kiwanda. Na sikai kwa laini nikingojea treni ya mahindi ipite."

"Heri kungoja kuliko kukwama."

"Nani umeona amekwama?"

Hiram aliangalia juu, mbinguni, ambako hakukuwa na wingu hata moja, akasema, "Mungu ni mkubwa." Watu wa kibandani wakaangua kicheko. Kipketer akamaliza chai yake kwa mkupuo mmoja, ikamchoma ulimi, na heshima ikamzuia kusema.

Tatizo la Kipketer halikuwa mvua. Lilikuwa vumbi. Ijumaa iliyotangulia, Cheptanui alimjia pale seng'enge bila tabasamu.

"Baba, metroni amekasirika," alimwambia. "Kila ukipita, ile vumbi imebaki kwa lori inaruka, zile shuka tumeanika zinageuka kama zimepakwa unga. Juzi tumefua mara mbili. Amesema hiyo lori ikileta vumbi tena, nisitoke nje kuongea na wewe."

Ndipo uone mtego uliomkaba. Kama angeingia Nakuru na wingu lake jeupe, metroni angefunga mlango. Na Bwana Chapchap, aliyetaka udongo ufike safi, angeona nusu ya mzigo imebaki hewani. Turubai la lori lilikuwa limezeeka na kutoboka, halikuzuia kitu. Usiku wa kuamkia Jumanne hakula vizuri, na Jeruto, ambaye kwake mtu asiyekula ni mgonjwa au mwongo, alimbana mpaka akasema yote.

"Wakichukua reli, mimi nitamwona mtoto lini?" alisema. "Na nikienda na vumbi, metroni atamkataza. Kila upande ni mwiba."

Jeruto alimtazama kaka yake kwa huruma, kisha kwa dharau kidogo, kama dada wanavyojua.

"Ninyi wanaume," alisema. "Mwanamke akitaka kufagia uwanja, anafanya nini kwanza?"

"Anatafuta ufagio."

"Ananyunyiza maji! Ananyunyiza kidogo, vumbi inalala, ndio anafagia. Hata mtoto wa kike wa miaka mitano anajua. Nyunyizia huo udongo wako maji, utafika Nakuru bila vumbi hata ya kuingia kwa jicho."

Kipketer aliweka kijiko chini. Jambo hili lilikuwa jepesi, la kweli, na alilijua tangu kuzaliwa. Nyua zote za Rongai zilifagiliwa hivyo. Akala sahani nzima.

Asubuhi mapema, kabla wapakiaji hawajafika, lori likiwa limeshapakiwa tangu jana, ndugu hao wawili walikuwa juu ya mzigo na debe la maji. Jeruto alinyunyiza kwa mkono, kwa ustadi, kama anayebariki harusi. Udongo ulimeza maji yale kimya, ukabaki mkavu na mweupe kana kwamba hakuna aliyeumwagia kitu. Akanyunyiza tena. Ukameza tena.

"Jua la hapa ni kali," Jeruto akasema. "Inakauka mbio."

Wakaongeza debe. Kipketer alipitisha kiganja juu, vumbi likaruka. Wakaongeza debe lingine, na lingine, mpaka pipa la maji la ofisini likalia tupu. Hapo juu ya mzigo pakaanza kuonekana unyevu kidogo, vumbi likatulia, na wote wawili wakashuka wameridhika. Kama Kipketer angekuwa amewahi kushika beleshi hata siku moja, angejua kile alichokijua Wariara na kila mwanamke wa machimbo: kwamba udongo ule hunywa kama sifongo, na kwamba kilichokuwa ndani ya lori hakikuwa tena unga. Kuuliza si ujinga, lakini kwa dereva mwenye kofia kuuliza ni kazi ngumu.

Jeruto alipanda mbele pamoja naye, amevaa kitambaa chake cha kanisani, maana alisema hawezi kukosa kumwona metroni akiaibika. Huko stesheni behewa lilikuwa tayari limefunikwa kwa turubai jipya la reli, na Hiram ametumwa kulisindikiza. Alikuwa amevaa koti lenye vifungo vya shaba, na alipowaona alipiga saluti.

Kuanzia machimbo hadi barabara kuu ni mteremko, kwa hiyo lori lilikwenda vizuri, hata vizuri kupita kiasi. Breki zilipolia Kipketer alidhani ni furaha. Walipita Naivasha bila wingu jeupe. Wauza mboga waliinua vichwa, wakashangaa.

"Umeona?" Jeruto alisema. "Hata hawajui kama ni wewe."

Kipketer aliimba. Aliimba wimbo wa maksai aliofundishwa na baba yake, na kwa muda wote wa tambarare ile alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika Bonde la Ufa. Kisha barabara ikaanza kupanda kuelekea Gilgil.

Mwanzoni lori lilikohoa tu. Akarudisha gia. Likaguna. Akarudisha tena, mpaka hakuna gia ya kurudisha. Mwendo ulipungua hadi ng'ombe wa Mmasai mmoja waliokuwa wakipanda kando ya barabara wakawapita, na mwenyewe akawaamkia kwa adabu akipita. Mvuke ulitoka chini ya boneti.

"Twende, mzee, twende," Kipketer alilibembeleza. "Leo umekuwa nini? Mzigo ni ule ule."

"Labda ni mimi," Jeruto alisema. "Nimenenepa tangu Pasaka."

Hapo ndipo filimbi ya treni iliposikika upande wa kulia. Reli inapanda ikiandamana na barabara sehemu ile, na gari la mizigo lilikuja bila haraka, likipumua moshi, mabehewa yakifuatana kama watu wanaotoka kanisani. Juu ya behewa la mwisho alisimama Hiram. Alipoliona lori linatoa mvuke alivua kofia, akaiweka kifuani kama mtu anayepita mazishi. Jeruto, naona aibu kusema, alicheka.

Haukupita muda, kitu kikalia chini, "kwa!", na lori likainamia upande mmoja kama kofia ya mwenyewe. Springi ilikuwa imevunjika. Kipketer alishuka, akachungulia, akajua bila kuambiwa kwamba lori halitasogea mpaka sehemu kubwa ya mzigo ishushwe. Wapakiaji walikuwa Longonot. Juu ya barabara ile alikuwepo yeye, dada yake aliyevaa nguo za kanisa, na beleshi moja lililofungwa ubavuni mwa lori kwa ajili ya wengine.

Alilitazama kwa muda. Akalifungua.

Beleshi la kwanza aliloingiza halikutoka. Alivuta, likatoka na mlio wa kunyonya, limebeba kitu kilichofanana na uji wa mtoto. Alikitazama. Akaingiza mkono, akakamua, maji yakamwagika hadi kiwikoni. Taratibu, kama mtu anayesoma barua mbaya, akageuza kichwa kumtazama Jeruto.

"Dada," alisema. "Maji yetu yote iko hapa."

Jeruto alikuja, akagusa, akanusa. Kisha akakaa chini kando ya barabara, nguo za kanisa na zote, akacheka mpaka machozi yakamlowesha shingo. Kipketer alitaka kukasirika. Alijaribu kweli. Lakini alipojaribu kujifuta jasho alijipaka udongo uso mzima, na dada yake alipomwona alivyo akaanza upya, naye kicheko kikamshinda, akaegemea tairi akicheka huku mbavu zikimuuma. Kisha akarudi kwenye beleshi. Alishusha uji ule kwa mikono yake, beleshi baada ya beleshi, na viganja vyake vya usukani vikatoka malengelenge.

Waliingia Nakuru jua likiwa linaelekea kuzama, lori limefungwa springi kwa mnyororo, mzigo nusu, dereva mweupe kutoka nywele hadi viatu. Bwana Chapchap alikuwa amesimama mlangoni mwa kiwanda na saa mkononi. Kando yake mzigo wa reli ulikuwa umeshafika kutoka stesheni, mkavu, umefunikwa. Hiram alikuwa amekaa juu ya gunia akila ndizi. Alipomwona rafiki yake aliacha kutafuna, na kwa heshima yake niseme kwamba hakumcheka.

Bwana Chapchap alipanda akachungulia ndani ya lori. "Dereva," alisema pole pole, mara ya kwanza watu kumsikia akisema pole pole. "Mimi sema lete unga. Wewe naleta uji. Kwa nini?"

Kipketer angeweza kusema mvua. Angeweza kusema lolote, maana hakuna aliyekuwepo. "Nilinyunyiza maji, Bwana," alisema. "Ili vumbi ilale. Kama kufagia uwanja. Sikujua udongo inakunywa."

"Miaka ngapi wewe nabeba hii udongo?"

"Mingi, Bwana."

Mzungu alifumba macho, akayafumbua, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini kucheka kwake hakukubadili hesabu. Reli ilikuwa imeshinda, kila mtu aliona. Alitangaza pale pale: udongo utakwenda Nakuru kwa gari la moshi, na lori, springi yake ikitengenezwa, litafanya kazi ya kuushusha kutoka machimbo hadi stesheni ya Longonot. "Wewe tabaki dereva," alimwambia Kipketer. "Lakini karibu-karibu. Chapchap."

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Kipketer alikubali. Alimpa Hiram mkono. Lakini alipopita njia ya nyuma ya hospitali jioni ile na kupiga honi mara mbili, hakuna aliyetoka. Cheptanui alikuwa wodini, zamu ilikuwa imemshika. Jeruto alining'iniza kibuyu cha mursik kwenye seng'enge, wakangoja, wakaondoka. Njia nzima ya kurudi Longonot hakuna aliyeimba.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kumsikitisha mtu. Lori lilishuka hadi stesheni, likapanda hadi machimbo, likashuka. Jumanne ilipofika Kipketer alisimama kwenye jukwaa la stesheni akiangalia mabehewa yanavyoondoka kuelekea Nakuru, na akageuka kabla hayajapotea. Alikuwa sasa akipakua pamoja na wengine. Wariara alimfundisha kuukamua udongo kwenye ngumi ili ajue kama umekauka, na alikuwa mwanafunzi mzuri asiyeongea. Watu walidhani ananuna kwa sababu ya kushindwa. Hiram naye alidhani hivyo, akavumilia siku kadhaa, mwisho akashindwa.

"Ndugu yangu," alisema, "utanuna mpaka lini kwa sababu ya behewa?"

"Sinuni kwa sababu ya behewa. Binti yangu yuko Nakuru. Ile safari ndio nilikuwa namwona."

Hiram alikaa chini kwenye mizani ya stesheni. Aliona haya kweli, ilionekana usoni mwake.

"Na hukuniambia! Mimi nabishana, nacheka, kumbe nakunyang'anya mtoto." Akafikiri. "Wewe Jumapili unafanya nini?"

"Nalala."

"Jumapili kuna gari ya abiria. Asubuhi inaenda, jioni inarudi. Kipketer, hivi wewe ulidhani reli inabeba udongo peke yake?"

Kwa miaka yote ile haikumpitia Kipketer akilini kwamba mtu anaweza kwenda Nakuru bila kuwa na kitu cha kupeleka.

Jumapili ile alipanda daraja la tatu amevaa koti, kibuyu magotini, amebanwa kati ya mama mwenye kuku na mzee aliyesinzia. Mikono yake haikujua pa kukaa bila usukani; kila kona ilipokuja ilijaribu kukata. Kufika Nakuru alikwenda kwa miguu hadi hospitalini, na safari hii aliingia kwa lango la mbele, kofia mkononi. Metroni alimkagua kutoka juu hadi chini akitafuta vumbi, akakosa, akasema Cheptanui yuko huru mpaka jioni.

Baba na binti walikwenda mpaka kwenye benchi chini ya mijakaranda, karibu na barabara ya stesheni. Maua ya zambarau yalikuwa yameanguka kila mahali. Walikula viazi vitamu, wakanywa mursik, na hakuna aliyepaza sauti, maana hakukuwa na injini. Alimsimulia kisa cha uji wa Gilgil, tangu debe la kwanza hadi ng'ombe waliowapita, na msichana akacheka kicheko kile kile cha shangazi yake, hata wapita njia wakageuka. Kisha akawa anamtazama baba yake kwa namna ambayo ilimtia wasiwasi.

"Nini?" Kipketer aliuliza. "Niko na udongo kwa uso?"

"Hapana, Baba. Naangalia tu. Unajua sijawahi kukuona umeketi? Hata nyumbani, nikiwa mdogo, ulikuwa unakula umesimama, gari inanguruma nje. Halafu hapa, kwa seng'enge. Leo ndio mara ya kwanza."

Kipketer alitaka kumkatalia. Alitafuta siku moja, hata moja, ya kumtajia, akapekua miaka yote, hakuiona. Alichosema ni, "Viazi bado viko," akamsogezea.

Zamu ya usiku ilikuwa imemchosha msichana. Alikula kidogo, akaongea kidogo, kichwa kikaanza kuinama, mwisho kikatua begani kwa baba yake, akalala usingizi mzito wa watu wanaofanya kazi. Kipketer alimwegemeza vizuri. Mkono ukafa ganzi, hakuusogeza. Nzi akatua puani, akamwacha atembee. Jua likateremka, maua yakaendelea kuangukia kofia yake, na kutoka stesheni filimbi ikalia ya kuwaita abiria wa kurudi Longonot.

Aliisikia vizuri. Lilikuwa gari la mwisho la siku ile, na kesho asubuhi lori lilimngoja, na Bwana Chapchap naye. Filimbi ikalia mara ya pili. Akamtazama mtoto wake, akaivuta kofia kwa mkono uliokuwa hai, akamkinga jua lisimpige machoni. Gari la moshi likaondoka zake, na yeye akaendelea kuketi.